Re: Mama anapaliwa na chai, halafu mnataka kumnywesha iyodini?

Ndugu wa Goma, simama hapo hapo. Umeuliza bei ya skanea ya tumbo (mashine ya kupiga picha ya ndani), kama mama afunge kula, na kama sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, zinazomwasha ni shida juu atakunywa dawa ya iyodini, ile ya kufanya utumbo uonekane kwenye picha. Halafu katikati, kama vile si kitu, umeandika tangu apigwe na kiharusi chai inampalia. Hiyo njo kesi yenyewe! Sambaza weka pembeni.

Hapa Bukavu mzee wetu alipewa Gastrografin, njo dawa kama hiyo ya iyodini, na yule mjuaji wa dawa wa familia (kila familia iko naye, koti jeupe anayo, cheti hana) akatuambia swali ni moja tu, anakula samaki bila kuwashwa? Anakula. Basi tukatulia, tukacheka na kucheka, mtu anayemaliza sahani ya sambaza hadi vichwa iyodini itamfanya nini. Uongo mtupu! Mwasho wa samaki unatoka kwenye protini ya samaki, si kwenye iyodini. Kama anameza vizuri hakuna aliyeuliza, na sisi hatukusema, juu kikohozi chake cha mezani tulishakizoea. Akakunywa, akapaliwa, ikashuka mapafuni. Sasa sikia, nguvu ya ile dawa ya kuvuta maji ni karibu mara 7 ya damu, popote inapofika inavuta, kwenye utumbo utaharisha, sawa, choo kiko karibu, lakini kwenye mapafu maji yanajaa na mtu anazama akiwa kitandani pakavu. Tulikuja kwa tumbo tukabaki kwa oksijeni. Na bili ya oksijeni yenyewe haipaliwi, inameza tu.

Kwa hiyo mama asiguse kikombe kabla daktari wa radio (wa picha) mwenyewe hajasikia kwamba anapaliwa. Si enfirmiye (muuguzi) wa mlangoni, si mtu wa kaisi anayepokea pesa. Njia wako nazo: kuna iyodini zisizo kali hivyo, kama iohexol, wanazichanganya na maji, ao wanapiga skanea bila kumnywesha kitu. Na usirukie baryumu, dawa ingine ya kunywa kwa ajili ya picha, kama utumbo umetoboka ikimwagika ndani ni balaa ingine, njo maana hapo wanachagua iyodini.

Aa, na goita (uvimbe wa shingo) kama anayo, nyinyi wa kisiwa cha Idjwi tunawajua kwa hiyo, sema pia, juu iyodini kidogo inaingia damuni na inaweza kuvuruga tezi ya shingo.

Umesema ni kesho asubuhi. Piga simu sasa, na wakikujibu mbio mbio "ni kama maji tu", omba daktari.