Mpelelezi wangu ni fundi cherehani, nimpe bastola?

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo karibu na stendi hapa Moshi. Usiku naandika hadithi ya upelelezi, na mpelelezi wangu ni mama fundi kama mimi. Shemeji kasoma sura tatu, anasema haiaminiki: nimfanye askari, nimpe na bastola. Nimsikilize? Sura zenyewe nimekutumia.

Marahaba mwanangu. Usimsikilize. Mwache fundi wako na cherehani yake.

Namwelewa shemeji, lakini. Sisi wasomaji wa riwaya za Kiswahili tumekua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wanaume watupu. Nuru, mwenzake Joram, ana akili na ujasiri na nampenda sana, ila kesi ni za Joram.

Sasa mtazame Miss Marple wa Agatha Christie, aliyeanzia kwenye hadithi fupi mwaka 1927, akapata riwaya yake ya kwanza 1930. Bibi kizee asiyeolewa, yuko kijijini Uingereza, anafuma sweta. Hana cheo wala silaha. Watu wanaongea mbele yake kama vile hayupo, naye akisikia uongo humkumbuka mwanakijiji fulani aliyewahi kudanganya vilevile. Au Precious Ramotswe wa Alexander McCall Smith, aliyeingia vitabuni 1998: aliuza ng'ombe alioachiwa na baba yake, akafungua ofisi ya upelelezi Gaborone, Botswana.

Mpelelezi wa kwanza niliyemjua mimi ni mama yangu, aliyeuza ndizi soko la Kilombero, Arusha. Siku moja hela za mchezo, zile wanazochangishana na kupeana kwa zamu, zilipotea. Kopo la hela hizo lilikuwa limefichwa chini ya mikungu mibichi ya mama, na soko zima likamtuhumu kijana wa mkokoteni. Mama alinyamaza, akaendelea kukata vichane. Kesho yake muuza vitunguu alikuja na blauzi ileile ya jana, imefuliwa vizuri, na kwenye pindo la mkono kuna doa jeusi. Utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni, na vitunguu havina utomvu ule. Mama alimwita pembeni wakanywa chai. Jioni hela zilirudi zote, na jina la mtu halikutajwa. Askari gani angeliona doa lile?

Basi jiulize fundi wako anajua nini ambacho kituoni hawakijui. Ana daftari la vipimo: anajua nani kakonda ghafla, nani anaficha mimba, nani kaleta kitenge cha sare ya msiba siku mbili kabla mtu hajafa. Hilo la sare nakupa bure, litumie.

Kasoro niliyoiona ni nyingine kabisa. Kila fundi anapoona kitu, unatueleza papo hapo anachokiwaza. Usifanye hivyo. Mwache aone pindo, ang'ate uzi, aendelee kushona, sisi tubaki roho juu.

Sura ya nne ukiimaliza nitumie haraka. Ile suti nyeusi ya marehemu iliyoshikizwa kwa uzi mweupe imeninyima usingizi.