Sala ikikauka, shika kazi ya mikono

Kama umefika mahali unapiga magoti na hakuna neno linalotoka, ushauri wangu ni huu: usiongeze sala. Tafuta kazi ya mikono uifanye papo hapo unaposalia. Nayasema haya kwa niliyoyapitia nilipokuwa namuuguza mama, na mwalimu wangu ni Antoni Mkuu wa Misri, mtawa wa kale aliyeishi jangwani.

Antoni alizaliwa yapata mwaka 251, katika familia yenye mashamba mazuri. Wazazi walifariki akiwa na miaka kama 18 au 20, akabaki na dada yake mdogo. Siku moja kanisani akasikia yakisomwa maneno ya Yesu kwa yule kijana tajiri, kwamba auze alivyo navyo awape maskini. Mashamba akawagawia wanakijiji, dada akamkabidhi kwa mabikira wacha Mungu wamlee. Akaishi makaburini, kisha akajifungia katika ngome kuukuu jangwani karibu miaka 20.

Mtu wa namna hiyo ungedhani hachoki kusali. Lakini katika mkusanyo wa maneno ya Mababa wa Jangwani, yaani watawa wa kale kama yeye, habari yake ya kwanza kabisa inahusu kuchoka. Roho ilimwelemea, mawazo yakamsonga, akamlalamikia Mungu kwamba anataka kuokoka ila mawazo hayamwachi. Alipotoka nje akamwona mtu anayefanana naye: ameketi anafanya kazi, anaiacha, anainuka kusali, anaketi tena kusuka kamba, anainuka tena. Alikuwa malaika. Antoni akaambiwa afanye vivyo hivyo, naye atakuwa salama.

Hakupewa sala mpya! Jambo hilo lilinifariji sana.

Usiku ule wa kumuuguza mama, rozari ilikuwa inaniishia mkononi nikiwa nimesinzia. Nikachukua uzi mweupe na sindano, nikaanza kufuma vitambaa vya makochi kando ya kitanda chake. Nafuma mstari mmoja mpaka mwisho, naweka sindano mapajani, nasali Baba Yetu polepole, narudi kwenye uzi. Mama akiomba maji nainuka nampa, namgeuza upande, naendelea nilipoishia. Sikusikia raha yoyote ya ajabu, lakini niliweza kukaa na Mungu na kukaa na mama bila kutamani kukimbia.

Chagua kazi ambayo mikono imeshaizoea, na yenye faida kwa mtu. Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyeandika maisha ya Antoni, anasema sehemu ya mapato ya kazi yake ilikwenda kwenye mkate wake na nyingine kwa wahitaji. Simu haifai kabisa. Vidole vinashughulika huku akili inabebwa mbali. Na kama huli, hulali, huoni sababu ya kuishi, tafadhali nenda hospitali pia. Sonona ni ugonjwa, inatibiwa.

Asiyejua kufuma anaweza kulima. Antoni alipohamia mlimani karibu na Bahari ya Shamu, aliomba aletewe jembe, shoka na mbegu za nafaka, alime mwenyewe ili waliokuwa wakimletea mkate wasitaabike. Baadaye akapanda na mboga kidogo kwa ajili ya wageni waliofika wamechoka na njia. Tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba linatosha kuanzia.