Kikosi cha uokoaji mlimani: huhitaji kuwa mpanda miamba

Mkuu, umeuliza kama mtu asiyejua kupanda miamba, mwenye ajira na familia, anaweza kupokelewa kwenye kikosi cha kujitolea. Anapokelewa vizuri tu, tena huenda akafaa kuliko fundi wa kamba asiyetaka kuambiwa.

Niko kwenye kikosi miaka kadhaa sasa, na kamba tunazishika zaidi mazoezini. Kazi yenyewe ni kutembea usiku, kusubiri na kubeba machela. Machela watu huichukulia poa. Hushikwa na watu 6, watatu kila upande, na kwenye njia ya mawe hamfiki mbali kabla viganja havijaanza kuwaka moto. Kwa hiyo wakiitwa watu 18 kwa majeruhi mmoja usishangae, ni zamu hizo. Wa mbele hutaja kila kitu kwa sauti, “jiwe kushoto, shimo”, maana wa nyuma haoni anapokanyaga. Ukiwa mrefu kuliko wenzako, pole ya mgongo.

Msako nao si kuzagaa mlimani ukiita jina la mtu. Kiongozi huanzia pale alipoonekana mara ya mwisho, hugawa eneo vipande kwenye ramani, kila kundi na kipande chake. Ukimaliza chako bila kuona kitu, umefanya kazi, eneo la kutafuta limepungua. Wageni wengi huvunjika moyo hapo, kila mmoja anataka awe yeye aliyempata. Tukipuliza filimbi, wote tunanyamaza tusikilize, na hakosekani mtu wa kufungua zipu ya begi sekunde hiyohiyo. (Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio 6 ndani ya dakika, kisha dakika ya kimya. Jibu ni milio 3.)

Anza na huduma ya kwanza, mafundo yatafuata. Aliyevunjika mguu anaweza kuuawa na baridi kabla ya mguu, joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35. Mwekee kitu chini, ardhi inanyonya joto. Usimsugue mikono, usimpe pombe. Aliyeacha kutetemeka na bado ni wa baridi, huyo ndiye wa kuogopa.

Kuhusu kazi, zungumza na mwajiri mapema, simu ya wito haichagui saa. Nyumbani nako wakubali kwa dhati, si kwa kuguna. Kabla ya kujaza fomu, omba uhudhurie zoezi moja la usiku, ikiwezekana la mvua.