Kamera yenye kitako: nilivyopigishwa magoti mjini Kisumu

Fundi aliyenitengenezea kile chombo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiona kilivyo. Tulikuwa bandani kwake, kwenye karakana za jua kali karibu na soko la Kibuye, namwonyesha picha kwenye simu: kamera ya Kisovieti iitwayo Fotosnaiper, iliyotoka kiwanda cha Krasnogorsk miaka ya 1960. Lenzi yake ya milimita 300 imefungwa juu ya kitako cha kuegemeza begani, na chini kuna mshikio wenye tiriga. Ukivuta tiriga, picha inapigwa. Nikamwambia nataka kitu cha namna hiyo kwa kamera yangu. Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Kijana yangu, nikiulizwa hii ni ya nini, nitasema nini?"

Mwishowe alikubali, lakini akaomba akipake buluu iliyobaki kwenye kopo baada ya kazi ya lango la mtu. Nikakataa. Nilitaka nyeusi, ionekane ya kazi.

Kwa asiyejua, lenzi ndefu hukuza kila kitu, pamoja na mtetemo wa mikono yako. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: ukiwa na milimita 400, usitumie mwendo wa shata (muda kamera inaoachia mwanga uingie) wa polepole kuliko 1/400 ya sekunde. Sasa nenda Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijapanda juu ya milima ya Nandi, mafunjo yote ni giza lisiloruhusu mwendo huo, na yule ndege wa mgongo mweusi na kifua chekundu anarukaruka kutoka bua hadi bua. Tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, ndani ya mashua haisimami. Kitako kilinisaidia, sitasema uongo. Picha zangu bora za mwezi ule zilitoka nacho.

Siku yenyewe nilikuwa natoka huko huko Dunga. Nilipanda boda, kamera ikining'inia mgongoni kwa mkanda, jaketi juu yake kwa sababu ya umande. Nje ya jaketi kilionekana kitako tu juu ya bega, na chini ya pindo mrija mweusi wa lenzi. Nikashuka mbele ya benki moja mjini nitoe pesa ya chai. Askari wa zamu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, bunduki mapajani, anakula mandazi. Aliposimama hakupata hata nafasi ya kumeza. Amri yake ya kwanza sikuielewa kwa sababu ya lile mandazi.

Basi nikafanya lile ambalo kila mpiga picha angelifanya. Nikasema, "Ni kamera, afande," nikapeleka mkono nyuma ili nimwonyeshe.

Mama aliyekuwa akiuza chai pale kando ndiye aliyepiga kelele: "Wacha! Usishike hiyo kitu!" Sijui kama alikuwa ananiokoa mimi au anaogopea sufuria yake, lakini mkono wangu ulisimama hewani. Niliposhusha macho, mdomo wa ile bunduki yake ya G3 ulikuwa umeelekea tumboni kwangu. Nikapiga magoti kwenye vumbi, mikono juu, mpaka mwenzake alipokuja kunivua mkanda. Waliigeuza geuza. Mmoja akavuta tiriga, kamera ikapiga picha ya viatu vyake. Hiyo picha ninayo hadi leo.

Nimeifikiria sana ile dakika. Unapokuwa nyuma ya kitako, jicho moja liko kwenye tundu la kamera na jingine umelifumba. Kila mtu aliye mbele yako anaona mtu anayelenga, isipokuwa wewe, ambaye unaona ndege. Na ukishtuliwa, unataka kueleza, na njia ya haraka ya kueleza ni kukiinua kitu chenyewe. Mtu anayetoa bunduki naye huanza hivyo hivyo.

Usidhani ni mambo ya vitako peke yake. Tarehe 17 Agosti 2003, Mazen Dana, mpiga picha wa Reuters, aliuawa na mwanajeshi wa Marekani nje ya gereza la Abu Ghraib, Iraki. Aliyefyatua alikuwa juu ya kifaru, na alidai aliidhania kamera kuwa kirusha roketi. Septemba 2017, katika mji mdogo wa New Carlisle, Ohio, mpiga picha wa gazeti la pale alitoka usiku kupiga picha za radi, akasimama apige ya gari lililosimamishwa na polisi, na afisa akampiga risasi kwa kuiona kamera na tripodi yake kuwa silaha. Huyo alipona. Wote wawili walikuwa na vifaa vya kawaida kabisa, na mimi nilikuwa nimelipa fundi aniongezee mfanano.

Kuna wanaoniambia nizungushie utepe wa manjano. Jaribu kuutazama utepe huo jua likizama, kutoka ng'ambo ya barabara, ukiwa na sekunde moja ya kuamua. Rangi inasaidia kidogo mchana kweupe. Umbo ndilo linaloonekana kwanza.

Siku hizi natumia mfuko wa maharagwe. Fundi cherehani alinikatia mguu wa jinzi kuukuu, akashona chini, nikatia kilo mbili za maharagwe na zipu juu. Unauweka ukingoni mwa mashua, lenzi inalala humo kama mtoto. Nikiwa ardhini natumia monopodi, yaani mguu mmoja wa kuegemeza kamera, ambayo inaonekana kama fimbo, na fimbo huku kwetu haimshtui mtu. Njiani, lenzi inakaa kando na kamera, vyote ndani ya begi lililofungwa. Jaketi la rifleksta kama la watu wa boda nalivaa hata kwenye mafunjo. Niliogopa ndege watashtuka, kumbe hawajali. Nguo za madoadoa ya jeshi sahau kabisa. Hizo peke yake zinatosha kukulaza ndani.

Ukienda Nakuru kwenye mbuga, uwe mwangalifu maradufu. Kule kuna vifaru, wa nyama na damu, na askari wa wanyamapori wanaowalinda dhidi ya majangili wana bunduki za kweli. Kitako kikitokeza dirishani mwa gari, huku umekielekeza kwa faru, wewe ndiye utakayeeleza. Weka ule mfuko wa maharagwe juu ya kioo kilichoshushwa nusu. Na siku ambayo mtaa wa Kondele, hapa Kisumu, una maandamano na moshi wa matairi, acha kila kitu kirefu nyumbani.

Chunga ulimi pia. Lugha yetu hupiga picha na kupiga risasi kwa kitenzi kimoja. Nikiwa kwenye matatu ya kutoka Kakamega niliwahi kumwambia mwenzangu kwenye simu, kwa furaha, "Yule mkubwa nilimpiga amekaa, ya kichwa ikatoka safi." Nilikuwa nasema juu ya ndege wa buluu wa msituni. Mama wa kiti cha mbele alishuka Chavakali, na sidhani palikuwa kwake.

Na ukiamriwa usimame, simama. Mikono mitupu mbele, mbali na mkanda. Sema "ni kamera" mara nyingi upendavyo, lakini waache wao ndio waitoe.

Kitako nilikirudisha Kibuye wiki ile ile. Fundi alikikata vipande vitatu kabla sijamaliza kusimulia, akanilipisha shilingi mia. Bomba lililobaki tukaligeuza mguu wa monopodi. Akauliza rangi, nami nikamwonyesha lile kopo la buluu.