Kioo cha Dirisha Kwenye Paneli ya Sola

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaunda paneli ndogo za sola za kuchajia simu. Nimepima kioo cha dirisha cha milimita 4 kwa programu ya simu ya kupimia mwanga, nikaona kinapitisha asilimia 88. Je, kinafaa? — Fundi, Morogoro.

JIBU: Ndugu Fundi, tarakimu hiyo isikuridhishe mapema. Programu ya namna hiyo hupima mwanga unaoonekana kwa macho, ambao jicho huuhisi zaidi kwenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 555 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali seli ya silikoni huendelea kuzalisha umeme hadi kwenye nanomita 1,100 hivi, katika miale ya infraredi tusiyoiona. Huko ndiko kioo cha dirisha kinakopunja, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo ndani yake hufyonza miale hiyo kwa wingi kuliko ile inayoonekana. Kitazame ukingoni: ule ukijani ni dalili ya chuma. Kioo cha paneli za kiwandani, ambacho kwa kawaida kina unene wa milimita 3.2, hutengenezwa kwa mchanga wenye chuma kidogo sana, kikapitisha takribani asilimia 91 ya mwanga wa jua unaotumika.

Maabara hupima kila urefu wa wimbi peke yake, na kioo chenye vinundu huwekwa mbele ya tufe jeupe ndani, linalokusanya hata mwanga uliotawanyika. Wewe itumie seli yenyewe iwe kipimo. Saa sita mchana, mbingu ikiwa haina wingu, elekeza paneli ndogo kwenye jua, kisha pima mkondo wake wa shoti, yaani umeme unaopita ncha zake mbili zikiunganishwa moja kwa moja kupitia kipimo, kwa multimita iliyowekwa kwenye ampea za DC, baada ya kuhakikisha kwamba mkondo hauzidi uwezo wa kifaa. Funika paneli yote kwa kioo kilichosafishwa, upime tena papo hapo. Ukipata ampea 2.00 bila kioo na 1.70 ukiwa nacho, kinapitisha asilimia 85. Rudia mara tano, kwa kuwa hata utando mwembamba wa wingu huharibu hesabu.

Kumbuka pia kwamba kila uso wa kioo unaopakana na hewa huakisi karibu asilimia 4. Seli zikigandishwa kwenye kioo kwa plastiki angavu, mwakisiko wa uso wa ndani karibu unatoweka, kwa hiyo paneli iliyokamilika itafanya vizuri kidogo kuliko jaribio lako.