Sili ya nyuma imebadilishwa mara mbili, oili bado inavuja

Maswali ya wasomaji kuhusu magari ya dizeli

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Fuso yenye injini ya 6D16 ya turbo. Inapeleka mahindi Dar na kurudi na saruji. Oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi, na sili ya nyuma ya krenki imeshabadilishwa mara mbili mwaka huu. Siku hizi ikipanda mlima Kitonga na mzigo haivuti, inatoa moshi mweusi, na mabomba ya intakula (kipoza hewa) yameloa oili. Fundi anasema ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini. Nikubali?
*Mwenye gari, Makambako*

JIBU: Usikubali kwanza. Sili mpya iliyofungwa vizuri haianzi kuvuja baada ya miezi michache hivihivi, kuna kitu kinaisukuma kutoka ndani.

Injini yoyote, hata mpya, hupitisha moshi kidogo kando ya ringi ukashukia kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Moshi huo hutoka kupitia bomba la kupumulia. Bomba likizibwa na masizi yaliyochanganyika na oili, au mpira wake ukikunjika, presha inabaki ndani na kutafuta pa kutokea: sili ya nyuma, sili ya mbele, gasketi ya sampu. Turbo, inayosukuma hewa kwenye injini, nayo inapata shida. Oili yake hurudi kwenye sampu kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Sampu ikiwa na presha, oili inakwama ndani ya turbo, inapenya kwenye shafti na kuingia mabomba ya hewa. Huko inalainisha mipira ya intakula, klipu zinateleza, na hewa iliyosukumwa na turbo inaishia njiani. Pampu inaleta dizeli ileile lakini hewa ni pungufu, ndiyo maana unaona moshi mweusi na gari haina nguvu. Mambo yote matatu unayolalamikia yanaweza kuwa yametoka kwenye bomba moja.

Kwa hiyo lifungue bomba la kupumulia lote, lioshe kwa dizeli, lipulize kwa upepo, hakikisha unapita bila kizuizi. Fungua na eya klina (chujio la hewa). Ikiziba, turbo inavuta hewa kwa nguvu kupita kiasi na kunyonya oili yake yenyewe, kwa hiyo usiridhike kwa kuikung'uta tu. Elementi iliyochoka ibadilishwe.

Kisha washa injini ikiwa ya moto, iache sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha oili. Moshi mwepesi ni kawaida. Ukitoka kwa mapigo kama pumzi ya mtu aliyekimbia, injini inapumua, ila hapo bado hujajua nani anapumua. Wapo watatu: ringi za injini, turbo na kompresa ya upepo, na mafundi wengi humhukumu wa kwanza bila kuwauliza wengine wawili.

Kompresa ndiyo rahisi kupima. Mwaga upepo kwenye matangi, washa gari, angalia kifuniko wakati kompresa inajaza. Upepo ukifika kama bar 8 kompresa inapumzika. Kupumua kukipungua wakati huohuo, ringi za kompresa ndizo zilizokwisha. Dalili nyingine ni oili nyingi kwenye matangi ya upepo unapoyafungua chini.

Kwa turbo, chomoa bomba lake la kurudisha oili upande wa bloku, ziba tundu la bloku, elekeza bomba kwenye ndoo safi na uwashe injini kwa sekunde 30 tu, sailensa. Bomba likitema moshi pamoja na oili, na injini ikaacha kupumua, turbo inapitisha moshi wa ekzosi. Ukiwa hapohapo shika shafti ya turbo kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni sawa, kwa sababu beringi zake huelea kwenye oili. Mapanga yakigusa nyumba yake, au shafti ikicheza wazi kwenda mbele na nyuma, haifai tena. Hakikisha pia bomba la kurudisha halijapunguzwa na silikoni iliyofinyangwa kwenye gasketi. Huo ni ugonjwa wa kujitakia.

Wote wawili wakiwa wazima, pima kompresheni silinda zote 6. Zikitofautiana kwa zaidi ya takriban bar 4, au zote zikiwa chini ya kiwango cha kitabu, fundi wako ana haki na injini ishuke.

Hewa inayotoroka itafute kwa maji ya sabuni. Ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, fungua kifuniko cha oili, ingiza upepo usiozidi bar 1.5, paka povu kwenye kila mpira, kila klipu na kona za intakula. Intakula iliyojaa oili ioshwe na ikauke kabisa kabla ya kurudi, maana oili hiyo ikivutwa na injini kwa mkupuo inaungua kama dizeli, na injini inaweza kupaa mizunguko hata ukiwa umezima.

Sili ya tatu utakapoifunga, pitisha ukucha kwenye shafti ya krenki. Ukucha ukinasa kwenye mfereji uliochimbwa na sili za zamani, weka bushi ya kufunika mfereji, au sili ikae milimita 2 nje ya mstari huo ikiwa nafasi inaruhusu. Kabla ya hayo yote, nusa yale matone. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi. Ya giaboksi ni nzito na mara nyingi inanuka kiberiti. Isije ikawa sili ya giaboksi ndiyo inayovuja.

SWALI: Nimeambiwa niweke oili nzito au ile dawa ya chupa ya kuzuia kuvuja. Na je, ni kawaida oili kupanda kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili)?
*Dereva, Singida*

JIBU: Oili nzito inachelewa kufika kwenye turbo asubuhi, baki na 15W-40 kama kitabu kinavyosema. Dawa ya chupa hutunisha mpira wa sili kwa muda, haiondoi presha.

Oili kupanda si kawaida hata kidogo, simamisha gari. Dondosha tone kwenye karatasi: likitandaa haraka na kunuka dizeli, chunguza pampu ndogo ya kuvuta dizeli na sili za pampu kubwa. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Vyote viwili vinaua beringi za krenki.

SWALI: Lori langu halitoi moshi wowote ila baada ya saa moja barabarani linakosa nguvu. Nikipumzika dakika 10 linavuta tena.
*Dereva, Voi*

JIBU: Hiyo ni njaa ya dizeli. Siku likigoma, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Kusipokuwa na mlio, angalia chujio dogo la waya kwenye pampu ya kuvuta, halafu uchafu unaoelea ndani ya tangi na kuziba bomba la kunyonya, kisha ukatulia gari likisimama. Funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu ya kuvuta. Mapovu yakipita, kuna kiungo kinachovuta hewa. Mwambie utingo akanyage mafuta hadi mwisho uone kama mkono wa pampu unagusa boliti yake ya kikomo, na kama kipepeo cha ekzosi breki kinafunguka chote.

Kama injini ni ya komoni reli, ile ambayo nozeli zote hulishwa dizeli ya presha kubwa kutoka bomba moja, usilegeze nati yoyote ya bomba la nozeli ikiwa inanguruma. Presha humo inapita bar 1,500, na dizeli hiyo inatoboa ngozi. Akirukiwa mtu, apelekwe hospitali hapohapo hata kama kidonda ni kama alama ya sindano.