Vijana hawaji makaburini alfajiri ya Pasaka, tufanyeje?

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa, Moravian, huku Rungwe. Kila Pasaka tunaenda makaburini kabla jua halijatoka, tunaimba na tarumbeta, ila siku hizi vijana hawaji, wanataka kinanda na spika tu, roho inaniuma jamani. – Mama, Tukuyu

JIBU: Shikamoo mama. Nakuelewa kabisa, ila hebu sikia hili, Wamoravian walifika Rungwe 1891, lakini ibada hiyo ilianza Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1732, na walioianza ni vijana wa kiume, waliamka wenyewe wakaenda kuimba makaburini! Kwa hiyo ni yao toka mwanzo, mkiwaambia tu "njooni" kama wageni hawaji ng'oo. Wapeni tarumbeta mkononi. Kwetu kuna binti alipewa moja kuukuu, imebonyea mdomoni, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, na Pasaka iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika, ukungu umetanda, kajifunga kitenge cha bibi yake kwa baridi. Kinanda waachieni kwenye ibada za kawaida, hakina dhambi. Na pale makaburini wasimulieni waliolala pale ni kina nani, maana wengi hawawajui kabisa.